Kuchagua Rozwudi Mbele ya Paka

Nyie wa kidato cha kwanza, sogeeni. Na nyie wa cha pili mnaojifanya mmepita tu, kaeni, nawaona. Mzee wenu nimestaafu kazi. Nina miaka kumi na saba, mgongo unaniuma kwa sababu ya randa, na vidole viwili havinyooki vizuri asubuhi. Hilo la vidole ni uongo, lakini kila mstaafu ninayemjua ana kitu kinachomuuma na mimi sitaki kupungukiwa.

Nimestaafishwa na mama. Alisema huu ni mwaka wa mtihani wa kidato cha nne, karakana ya mjomba haitanifanyia kemia, kwa hiyo nirudishe aproni ya watu. Sherehe ya kuniaga haikuwepo. Mjomba Wambura, fundi magitaa wa pale Nyakato, alinipa mkono akasema, "Majura, umenisaidia sana na umeniharibia sana. Tuseme tumetoka sare." Hotuba ndiyo hiyo, na soda sikupewa.

Sasa nasikia wengine wenu mnataka kwenda kwa mjomba likizo hii mkarithi kiti changu. Kiti chenyewe ni ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nendeni, lakini nisikilizeni kwanza, maana siku ya pili tu atawapeleka mahali pana mbao atawaambia, "Chagua." Na nyie mtachagua iliyo nzuri. Matatizo huanziaga hapo.

Gitaa lina kifua, mgongo na mbavu, kama nyie, ila lenyewe linatulia likiwekwa kona. Kifua kinataka mbao laini, nyepesi. Mgongo na mbavu zinataka mbao ngumu, na mfalme wao ni rozwudi. Ni mbao nyekundu inayokaribia zambarau, ina michirizi myeusi, na ukiipiga randa inanukia kama sabuni ya chumba cha wageni. Ni ndugu wa mpingo. Huku kwetu msiitafute porini. Inapatikana ndani ya vitu vya zamani: kaunta za maduka ya mjini, vitanda vya marehemu, makabati ya enzi hizo. Kwa hiyo fundi magitaa wa Musoma ni nusu fundi, nusu mhudhuriaji wa misiba. Mjomba akienda kutoa pole, anakaa, anainama kwa huzuni, na akiwa ameinama vile anakagua miguu ya meza.

Rozwudi nyingine imenyooka tu, haina makuu. Nyingine ina maua, ndivyo mafundi wanavyosema, maana yake ina mawimbi na vivuli ndani, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kama inatembea. Hiyo ndiyo inayowapoteza watu akili. Nilishamuona mtu mzima, mzee wa kanisa, anaipapasa mbao yenye maua huku anaongea nayo.

Kuna jamaa wa Bunda alitutumia picha za rozwudi yenye maua kwenye simu. Tukapanda gari mpaka Bunda. Kweli mbao ilikuwa inang'aa. Mjomba akaizunguka mara moja, akaniambia, "Temea mate." Nikatema. "Sugua na leso." Leso yangu ya shule ikatoka nyeusi tii. Mjomba akainusa.

"Bwana mdogo, hii mbao umeipiga kiwi."

Jamaa hata hakupepesa macho. "Mzee, na wewe viatu vyako umevipiga kiwi. Si bado ni viatu?"

Mjomba alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Leso nilifua mwenyewe. Lakini nilipata elimu: rozwudi ya kweli haitoi rangi kwa mate. Inatoa kwa spiriti tu, na rangi yenyewe ni ya damu ya mzee. Mkiambiwa mteme, temeni. Ni sehemu ya kazi.

Maua nayo yana hila yake. Kabla sijaanza kazi, mjomba alitengenezaga gitaa la mtu wa Butiama, mgongo wake una maua kila kona, hakuna hata kidole kimoja cha mahali tulivu. Watu walilisifia mpaka wakachoka. Ikaja harusi, ikiwa kiangazi kikali. Gitaa limeegemezwa ukutani, halijaguswa na mtu, maharusi wanakata keki, mgongo ukapasuka pwaa. Bwana harusi alifika chini ya meza kabla ya bibi harusi, na ukoo ule wanalisema hilo mpaka leo.

Sababu mjomba aliieleza hivi. Maua mengi maana yake nyuzi za mbao zinaenda kila upande. Joto likija, kila upande unasinyaa kivyake. Mbao nene inavumilia. Mgongo wa gitaa unakwanguliwa mpaka unakuwa mwembamba kama biskuti, na biskuti haiwezi kuamua ugomvi.

Kwa hiyo, kabla hamjapenda, angalieni kichwa cha mbao, pale msumeno ulipopita. Mistari isimame wima kama nyie mkiwa paredi mwalimu mkuu akiwepo. Ikilala kama nyie kipindi cha saa nane mchana, achaneni nayo. Halafu ishikeni kwa vidole viwili, chini kidogo ya ncha ya juu, igongeni katikati kwa kifundo cha kidole. Mbao hai inalia na mlio unakaa kaa, kama sufuria tupu. Mbao mfu inajibu kama mkate. Siku hizi mjomba anapima mlio kwa simu pia, halafu anaanza kubishana na simu.

Basi, hayo yote yalikutana kwenye kabati la Kisorya.

Mwenye kabati alikuwa Dada Nyangeta, mwalimu wa kwaya, anaishi Bunda. Baba yake alikuwa mvuvi wa Kisorya aliyewafundisha watoto wake wote kuimba kabla hawajajua kusoma. Alipofariki, urithi ukagawanywa. Kaka zake wakapata mitumbwi, nyavu, ng'ombe na shamba. Yeye akapewa kabati la rozwudi la marehemu, refu kuliko mlango wa chumba alichopanga. Akakaa nalo kichwani miezi, likiwa bado Kisorya, halafu akaja Nyakato akamwambia mjomba anataka ligeuzwe gitaa.

Kaka yake mkubwa, Masatu, hakutaka kusikia. Kwake kabati la baba halikatwi. Ukoo ukakaa. Mwishowe Masatu akakubali kwa sharti: siku ya ibada ya kutimiza mwaka wa marehemu, Nyangeta alete gitaa mbele ya ukoo mzima lipigwe. Likilia, yaishe. Likiwa kuni, Nyangeta atasimama mwenyewe awaambie watu kwamba ameukata urithi wa baba bure. Nanyi mnajua mambo yetu. Ukishasema neno kama hilo mbele ya wazee, litakuwa jina lako mpaka kwa wajukuu.

Tukaenda Kisorya kuchagua. Kabati lilikuwa limetolewa uani, limesimama juani kama mgeni aliyekosa kiti. Masatu na wadogo zake wamekaa kwenye mabenchi, mikono kifuani.

"Fundi," Masatu akasema, "hili kabati la baba litalia?"

"Kuliko ulivyolia wewe msibani," mjomba akajibu.

Mdogo mmoja akacheka, akatazamwa, akaacha kucheka.

Kabati lilikuwa na milango miwili ya mbao nene, inayotosha kupasuliwa katikati. Hiyo ni muhimu: mbao moja mnaipasua kama mnafungua kitabu, mnapata kurasa mbili zinazofanana, mnaziunganisha, mgongo unakuwa na upande wa kushoto na wa kulia kama sura ya mtu. Mlango wa kulia ulikuwa umenyooka tu, mtulivu. Wa kushoto ulikuwa na maua. Wallahi, mimi ni Mkristo lakini niliapa hivyo hivyo. Mawimbi yalikuwa yanashuka kama ziwa linapopigwa na upepo wa asubuhi, mekundu, na kila moja lina ukingo mweusi.

"Wa kulia," mjomba akasema kabla hata sijafungua mdomo.

"Mjomba, angalia huu."

"Nimeuangalia. Na Butiama niliuangalia."

"Una tundu la kitasa pia," Masatu akaongeza kwa furaha. "Mkiupasua mtapata matundu mawili. Gitaa litakuwa na macho mgongoni."

Mabenchi yote yakacheka. Hata mimi, maana ilikuwa nzuri.

Dada Nyangeta ndiye hakucheka. Akauweka mkono kwenye mlango wa kushoto. "Baba alikuwaga anafungua huu tu," akasema. "Ule wa kulia ulikuwa wa nguo za mama."

Mjomba akasogea karibu. Akauinamia mlango, akasoma kichwa cha mbao, juu na chini, akipitisha kucha kwenye mistari. Imesimama wima, yote. Maua yalikuwa yamekaa juu yake kwa mpangilio, mawimbi ya kwenda upande mmoja, hayagombani. Akaufungua bawaba, tukaunyanyua, akagonga. Ulilia, nyie. Kuku waliinua vichwa.

"Maua yake yana adabu," akasema, na nikajua nimeshinda. Tundu la kitasa alilimaliza kwa chaki: alichora umbo la gitaa juu ya mlango, akalisogeza, akalisogeza, mpaka tundu likaangukia pale gitaa linapoingia ndani, kwenye kiuno. Sehemu hiyo inakatwa na kutupwa. Kumbukeni hilo. Kasoro ya mbao mnaiweka kiunoni.

Milango yote miwili tukaja nayo Nyakato, wa kulia kwa ajili ya mbavu na akiba. Wa kushoto tukaupasua. Na hapa sasa mnisikilize, maana kosa linalofuata huwezi kulifanya ukiwa fundi wa mahali pengine popote, ni letu sisi wa kando ya ziwa.

Kabati lilikuwa limekaa Kisorya kwenye nyumba yenye unyevu, na mvua zilikuwa zimeanza. Mbao zilitakiwa zikaushwe polepole kabla ya kuunganishwa. Mjomba, kama kawaida yake ya miaka yote, akazipeleka kwa jirani, Mama Bhoke, anayebanika samaki. Juu ya tanuru lake kuna kichanja chenye joto la upole mchana kutwa. Nusu ya mtaa wanakausha vitu pale. Mimi mwenyewe nilikaushaga viatu vya shule pale na nilikaa dawati la peke yangu wiki nzima.

Zamani haikuwa na shida. Mama Bhoke alikuwaga anabanika ningu na sato wadogo. Kumbe alishahamia kwenye sangara, na sangara wakubwa, wale wanaochuruzika mafuta mpaka moto unashangilia. Mafuta yale yanapanda na moshi. Mbao zetu zilikaa kwenye moshi ule zikanywa taratibu, hazina wa kuziuliza.

Tulizirudisha zimekauka vizuri sana, nyeusi kidogo, tukasema ni masizi. Tukazipiga gundi, tukazifunga kwa mipira ya tyubu za baiskeli, tukaziacha. Kesho yake mjomba akafungua mpira wa mwisho, akanyanyua mgongo, na kurasa mbili zikaachana mkononi mwake bila hata sauti. Gundi ilikuwa imekauka peke yake, inabanduka kama utando wa maziwa.

Mjomba akakaa kwenye ndoo yangu. Rozwudi ina mafuta yake ya asili, hilo analijua, huwa anaifuta kwa spiriti kabla ya gundi, na alikuwa ameifuta. Akaigusa tena, akanusa vidole.

"Majura. Nusa hapa."

Nikanusa. "Chakula cha mchana."

Hakucheka. Akasema polepole, "Huyu dada wa watu atasimama mbele ya kaka zake." Siku ya ibada ilikuwa imekaribia, na mlango wa kushoto duniani ulikuwa mmoja.

Tukaanza kufuta. Kukwangua kidogo kwa kipande cha kioo, kufuta kwa spiriti, kuweka kivulini, kufuta tena. Shida ni kwamba rozwudi ikifutwa kwa spiriti inatoa rangi kila mara, hata ikiwa safi. Kitambaa hakikuambii kama hiyo ni mbao au ni sangara. Na huwezi kukwangua bila mwisho, biskuti ina kikomo. Pua zetu nazo zilikuwa zimeshakufa kwa spiriti. Ungeniwekea sangara mzima usoni ningekuambia ni waridi.

Aliyetuokoa ni paka wa Mama Bhoke. Anaitwa Diwani, kwa sababu anaonekana tu pakiwa na chakula. Siku ya kwanza aliingia karakana akapita vumbi, akapita msumeno, akaenda moja kwa moja kwenye mbao ya rozwudi akaanza kuilamba kwa macho yaliyofumbwa. Nikamkimbiza. Mjomba akaniwahi mkono.

"Mwache."

"Mjomba, anakula gitaa."

"Mwache, nakuambia. Huyo ndiye mashine."

Basi ikawa ndiyo ratiba. Tunafuta, mbao inakaa mpaka harufu ya spiriti iishe, Diwani anaitwa. Akilamba, tunarudi kazini. Mama Bhoke alisimama dirishani akauliza kama tumechanganyikiwa au ni mambo ya shule. Nikamwambia ni maabara. "Na paka wangu anawadai nini?" akauliza. Mjomba akamwambia paka yuko kwenye mafunzo kwa vitendo.

Diwani alilamba. Siku nyingine akalamba kidogo. Nyingine akalamba kona moja tu, tukafuta kona ile mpaka mkono ukafa ganzi. Nilianza kuota namtazama Dada Nyangeta amesimama Kisorya ameshika mbao mbili, moja kila mkono. Alikuwa anapiga simu kuulizia na mjomba anamwambia, "Tuko kwenye kuunganisha, mwanangu," sauti tamu, huku amefumba macho kama anang'olewa jino.

Halafu asubuhi moja Diwani akaja, akanusa mbao ya kwanza, akanusa ya pili. Akapiga chafya. Akatutazama kwa dharau, kama watu waliomwita kikao bila chai, akatoka mkia juu.

Mjomba akachukua gundi, nikafunga mipira. Tuliziacha siku mbili nzima, tukijizuia hata kuzipitia karibu. Siku ya kufungua mjomba alinipa mimi. Nikakunjua mpira wa mwisho, nikashika mgongo huku na huku, nikaukunja kidogo. Ukakataa. Nikaukunja zaidi. Nikaugonga, ukalia mlio ule ule wa Kisorya, wa sufuria tupu. Nikakaa chini kwenye maranda, na mjomba akakaa pembeni yangu na yeye, watu wawili wazima wamekaa kwenye takataka wanacheka bila sababu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida, ya kukunja mbavu kwenye bomba lililopashwa moto wa mkaa na kuunguza vidole. Tulimaliza vanishi ikiwa bado inanukia, tukapanda gari la Kisorya.

Uani palijaa. Ibada ikaisha, ukoo ukakaa kwenye mabenchi na mikeka, Masatu katikati. Dada Nyangeta alikuwa hajagusa chai wala chochote toka alfajiri. Shangazi yake alitunong'oneza hivyo. Alipofungua kitambaa akageuza mgongo wa gitaa juani, yale mawimbi yakatembea, na watu wa nyuma wakasimama waone. Lakini sharti halikuwa kuonekana. Sharti lilikuwa kulia.

Masatu akasema, "Piga sasa."

Dada Nyangeta akapiga wimbo ambao baba yao alikuwaga anawaimbisha wakivuta nyavu. Vidole vyake vya kwanza vilikosea, akaanza upya. Gitaa likafungua mdomo. Sauti ilikuwa nzito chini na juu imenyooka, ikajaa ua ule mpaka kwenye mihogo. Mjomba hakumtazama Nyangeta, alimtazama Masatu, na mimi nikamtazama huyo huyo. Alikuwa ameinamisha kichwa. Ubeti wa pili akaingia na sauti ya nne, chini kabisa, bila kuinua uso, na wadogo zake wakaingia na zao mmoja mmoja kila mtu mahali pake, kama watu waliopangwa na mtu asiyeonekana.

Wimbo ulipoisha Masatu akajikohoza muda mrefu. Akamgeukia mjomba.

"Fundi. Ule mlango wa mama uko wapi?"

"Kipande kipo kwangu. Kingine kiko humo kwenye mbavu."

"Kilichobaki usikiguse," akasema. "Usimpe mtu. Mtoto wangu wa mwisho ana vidole virefu."

Wazee wakacheka, mmoja akapiga magoti yake kwa kiganja. Dada Nyangeta alilaza gitaa juu ya kanga, akavua viatu, akanyoosha miguu pale mkekani kama mtu aliyetua gunia, akaniambia:

"Majura, hebu niangalizie jikoni. Ugali umebaki?"